Kwa nini sisi wa vyama vya wafanyakazi Uingereza huwa tunawakwepa wanamapinduzi

Mlinda Tawi (mleta mada)

Kwema wakuu?

Kwenye uzi wa mishahara ya manesi kuna mchangiaji alitamka kwamba vyama vya wafanyakazi vya Uingereza vilioza siku vilipowatimua wanamapinduzi. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona nifungue wa kwangu. Mods, naomba msiuunganishe.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Nafanya kazi hospitali huku Uingereza, ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi letu, na ni mwanamageuzi. Kazi ya chama kwangu ni mshahara, saa za kazi, usalama, pensheni, na sheria za kuvilinda. Ubepari ukianguka mwakani sitalia, lakini mwanachama aliyenipigia kura anataka zamu zake za usiku zilipwe sawasawa mwezi huu.

Kwa asiyewajua, haraka haraka: Chama cha Kikomunisti cha Uingereza kiliundwa 1920, kikajivunja 1991. Pembeni yake wapo Watrotski (wafuasi wa Trotsky) wa kila aina: Militant waliojipenyeza ndani ya chama cha Labour, Socialist Workers Party (SWP) iliyochukua jina hilo 1977, Workers Revolutionary Party ya Gerry Healy iliyopasuka 1985, na vikundi vingine ambavyo mkutano wao mkuu unaenea kwenye daladala moja. Hakuna kilichowahi hata kunusa Ikulu. Ila ndani ya vyama vya wafanyakazi walikuwa na sauti kubwa kupita idadi yao, kwa sababu moja tu: wanahudhuria vikao. Tawi lina mamia ya watu, kikao cha Alhamisi jioni wanakuja kumi na tano. Wanne wakiwa kundi moja na wameshakubaliana njiani, azimio limepita.

Ugomvi wenyewe ni wa kale. Februari 1900 vyama vya wafanyakazi na makundi ya kisoshalisti walikutana London, wakaunda kamati ya kupeleka sauti ya wafanyakazi bungeni. Ndiyo iliyokuja kuitwa Labour. Wamarx wa Hyndman, yaani Social Democratic Federation, walikuwemo. Mwaka 1901 wakajitoa kwa sababu wenzao walikataa kuitangaza vita ya matabaka kuwa msingi wa kamati. Mwaka huohuo Baraza la Malodi likaamua kesi ya reli ya Taff Vale kwamba chama kikigoma, mwajiri anaweza kukidai hasara aliyoipata. Chama cha watumishi wa reli kikalipishwa pauni 23,000 za fidia, ukiacha gharama za kesi. Fikiria, kila mgomo sasa ungeweza kukifilisi chama kizima! Uchaguzi wa 1906 ukaingiza wabunge 29 wa Labour, na kabla mwaka haujaisha ikapita sheria ya kuvikinga vyama na madai ya namna ile. Watu wa Hyndman walikuwa wameshatoka nje, wanahubiri.

Kisha 1920 Lenin akawashauri wakomunisti wachanga wa Uingereza wamuunge mkono Henderson wa Labour kama kamba inavyomshikilia aliyenyongwa. Kijana mmoja wa kundi fulani aliwahi kuniuliza mbona siwaamini wakija kutuletea mshikamano. Nikamwambia, ndugu yangu, nia mmeshaiandika wenyewe.

Sasa tuje kwenye vitendo, maana maandishi ni maandishi.

Chama cha mafundi umeme, ETU, kiliongozwa na wakomunisti miaka ya 1950. Uchaguzi wa katibu mkuu wa 1959, Frank Haxell akatangazwa mshindi dhidi ya John Byrne. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, na 1961 jaji akakuta kura zilichakachuliwa, akamtangaza Byrne kuwa ndiye katibu mkuu halali. ETU ikafukuzwa TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Hawa si mabepari waliowaibia mafundi umeme kura. Ni watu waliojiona wanajua historia inakoelekea, basi kura ya fundi wa Leeds wakaiona kikwazo tu. Na ubaya wake haukuishia pale. Waliochukua chama baada yao walikipeleka kulia moja kwa moja, hadi 1986 viongozi wa mafundi umeme walimsaidia Murdoch, mwenye magazeti, kupata watu wa kuendesha mitambo yake ya uchapaji ya Wapping, London, huku maelfu ya wachapaji magazeti wakifukuzwa kazi. TUC ikawatimua tena 1988. Ukiiba kura kwa jina la mapinduzi, anayekuja kukusafisha haji na ufagio mdogo.

Liverpool ndiyo inayoniuma zaidi. Halmashauri ya jiji, kuanzia 1983, ilikuwa ya Labour lakini usukani ulishikwa na Militant. Derek Hatton, naibu kiongozi, ndiye aliyekuwa anaonekana kwenye runinga. Thatcher alikuwa amebana fedha za halmashauri, hilo halina ubishi, na jiji lilikuwa na umaskini wa kutisha. Wakaamua kupitisha bajeti yenye nakisi isiyo halali ili serikali ilazimike kutoa fedha. Septemba 1985 fedha zikawa zinakaribia kuisha. Wakafanya nini? Wakaandika barua za kuachishwa kazi kwa waajiriwa wao wapatao 31,000, wakakodi teksi zizungushe barua hizo mjini. Walidai ni mbinu ya kisheria ya kununua muda, hakuna atakayefukuzwa kweli. Wewe mfagizi wa shule, una watoto, umepokea barua mlangoni kutoka kwa dereva wa teksi, utaisoma kama mbinu?

Oktoba 1, 1985, kwenye mkutano mkuu wa Labour kule Bournemouth, Neil Kinnock, kiongozi wa chama, aliwasema hadharani juu ya teksi zile, na Eric Heffer, mbunge wa Liverpool, akanyanyuka akaondoka jukwaani. Wengi wa kushoto hawajamsamehe Kinnock hadi leo. Mimi yapo mengi ya Kinnock nisiyoyapenda, ila siku ile alisema kitu ambacho mwakilishi yeyote wa wafanyakazi angekisema: mwajiri ni mwajiri, hata akivaa beji nyekundu. Na mwisho wa sinema, Novemba, jiji likaokolewa na mkopo wa pauni milioni 30 kutoka benki za Uswisi. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Wachimba makaa ya mawe nitawataja kwa kifupi, kwa sababu uzi wa 1984 peke yake unaweza kujaza wiki. Wanachama wa NUM, chama chao, walipiga kura za kitaifa mara tatu kati ya 1982 na 1983, na mara zote wakakataa kugoma. Machi 1984 mgomo ukaanza bila kura ya kitaifa. Sababu ilikuwa ya haki kabisa, migodi ilikuwa inafungwa. Lakini Nottinghamshire wengi wakaendelea kufanya kazi wakisema hawakuulizwa, na Thatcher akapata alichokuwa anakiombea. Arthur Scargill, rais wa NUM, alikuwa sahihi kuhusu migodi na alikosea kuhusu kura. Ukiniuliza kipi kiliwagharimu zaidi wale wa Yorkshire na Wales walioshinda njaa mwaka mzima, nakwambia kura.

Ya siku hizi? Mgomo wetu wa mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, kabla chai haijafika getini, mabango yalishafika. Yamechapwa vizuri, jina la kundi juu kwa herufi kubwa, dai letu chini kwa herufi ndogo. Mwajiri alipotoa ofa ya pili tukaipeleka kwa wanachama waamue. Kesho yake kukagawiwa kipeperushi kinachosema viongozi wa tawi ni wasaliti. Aliyekuwa anakigawa hakuwa mwajiriwa wa hospitali yetu. Ofa ikipita au ikikataliwa, yeye mshahara wake haupungui.

Na hapa ndipo ninapotaka mniulize maswali, kwa sababu siwachukii. Wapo waliofanya makubwa. Jimmy Reid na Jimmy Airlie walikuwa wakomunisti, na 1971 serikali ya Heath ilipotaka kuiacha Upper Clyde Shipbuilders ife, hawakugoma. Waliendelea kuingia kazini kwa ukaidi, meli zikaendelea kuundwa. Reid akawaambia wanaume wa Glasgow hakuna uhuni, hakuna uharibifu, hakuna ulevi. Februari 1972 serikali ikatoa pauni milioni 35. Na kodi ya kichwa ya Thatcher, iliyoanza Scotland 1989 na kwingine 1990: shirikisho lililoongoza watu kugoma kulipa lilikuwa mikononi mwa Militant walewale wa Liverpool. Wakashinda, kodi ikafutwa.

Sasa angalieni walichodai. Clyde: ajira zisipotee. Kodi ya kichwa: ifutwe. Madai ya mageuzi matupu, yanayoeleweka na bibi wa nyumba ya tatu. Mwanamapinduzi wa Uingereza ameshinda kila alipofanya kazi yangu, tena pengine kuliko ninavyoifanya mimi. Akirudi kwenye kazi yake mwenyewe, anapasua chama.

Nawasilisha.

---

Zamu ya Usiku

Uzi mrefu kama msafara wa rais. Nimehifadhi, narudi nikitoka kazini.

---

Kuli Mstaafu

Salaam kutoka Mombasa. Umeandika ukajibu mwenyewe, mzee wangu. Heath alitoa zile milioni 35 kwa sababu Reid alisema "tusilewe"? Au kwa sababu polisi wa Glasgow walishamtahadharisha juu ya kitakachotokea mitaani? Mabwana hawatoi kitu kwa kubembelezwa. Wewe unakwenda mezani na faili, lakini kilichomfanya mwajiri akuvutie kiti ni yule anayepiga kelele getini.

Chukua Julai 1972. Makuli watano wa London wakatiwa jela ya Pentonville kwa sheria ya Heath ya mahusiano kazini. Bandari zikasimama, wachapaji magazeti wakaacha kazi, mpaka TUC yako ya wastaarabu ikatangaza mgomo wa siku moja nchi nzima. Siku chache tu wakatolewa. Ile ilikuwa faili gani?

Na kwetu Kenya mambo haya tuliyaona. Makhan Singh, mkomunisti, alisimama Nairobi Aprili 1950 akadai uhuru hadharani. Wakamkamata mwezi uliofuata, wakamweka kizuizini hadi 1961. Tom Mboya wakamkaribisha Ruskin College, Oxford, 1955. Nakuuliza tu: mkoloni alimwogopa yupi?

---

Mlinda Tawi (mleta mada)

Mzee Kuli, shikamoo.

Kuhusu woga nakubaliana nawe nusu. Mwajiri asiyeogopa hajadili, na mimi sijawahi kwenda mezani bila kura ya mgomo mfukoni. Lakini angalia Pentonville vizuri. Wawili kati ya wale watano, Bernie Steer na Vic Turner, walikuwa wakomunisti, sawa. Nchi nzima haikusimama kwa ajili ya ukomunisti wao. Ilisimama kwa sababu mtu amefungwa kwa kusimama getini kwenye mgogoro wa kazi yake. Msimamizi wa mabasi anayeipigia kura Conservative aliweza kulielewa hilo. Kwa hiyo woga aliouona Heath ulikuwa wa watu wengi wa kawaida, na hao huwapati kwa gazeti la kundi.

Kuhusu Mboya, mwogope utakavyo, lakini 1955 alipoteremka Mombasa kwenye mgomo wa bandari, makuli walipata nyongeza. Wewe unalijua hilo kuliko mimi.

---

Kuli Mstaafu

Marahaba. Nyongeza ilipatikana kwa sababu bandari ilikuwa imefungwa kabla yeye hajateremka. Lakini haya, sitaki kukuharibia uzi.

---

Binti wa Ngamiani

Mleta mada, umeandika kwa ufasaha, ila umeruka mgomo ambao sisi wa Afrika Mashariki tulipaswa kuanza nao. Grunwick.

Kwa wasioujua: kiwanda cha kusafisha picha, Willesden, kaskazini magharibi mwa London. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake wenye asili ya India waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Watu waliokuwa na maduka na kazi za ofisini huku kwetu, wamefika kule wanaambiwa waombe ruhusa kwenda msalani. Agosti 1976, wiki ya joto kali, kijana mmoja akafukuzwa, kisha Jayaben Desai naye akatoka. Huyu mama alizaliwa Gujarat, akaishi Tanzania, akahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kimo kifupi, mkoba mkononi, akamwambia meneja wake kwamba pale si kiwanda ni bustani ya wanyama, na kwamba wapo humo simba watakaomng'oa kichwa.

Wakajiunga na APEX, chama cha makarani, wapole kuliko wote. Wakafukuzwa watu 137. Wakafuata njia yako yote, kaka. ACAS (taasisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi), mahakama, uchunguzi wa jaji Scarman, ambaye Agosti 1977 alipendekeza warudishwe kazini. Mwenye kiwanda, George Ward, akakataa. Hakuna kilichomlazimisha. Desemba 1977 Malodi wakaipiga chini ripoti ya ACAS. Novemba ile Desai na wenzake walifunga kula mbele ya jengo la TUC, na APEX ikawasimamisha uanachama! Alisema msaada wa TUC ni kama asali iliyopakwa kwenye kiwiko, unaiona, unainusa, ulimi haufiki.

Waliokuja getini alfajiri kwa maelfu ni nani? Wachimba makaa wa Yorkshire na Scargill wako, wanafunzi, na hao hao wanamapinduzi wauza magazeti ya makundi yao. Je, wale wanawake wangekuwa wapi na faili lako?

---

Zamu ya Usiku

Dada amefunga goli. Mleta mada, njoo.

---

Mlinda Tawi (mleta mada)

Dada wa Ngamiani, asante. Sikuuruka kwa kusahau. Niliuruka kwa sababu Grunwick inanipiga mimi pia, nikataka aseme mwingine kwanza.

Kila ulichoandika ni sahihi. Mawaziri watatu wa Labour walioungwa mkono na APEX, Shirley Williams akiwemo, walikwenda kusimama getini Mei 1977, wakapigwa picha, wakarudi serikalini, na serikali yao haikufanya la maana. Kule kusimamishwa uanachama kwa waliofunga kula ni aibu ya upande wangu, na sina namna ya kuipamba.

Lakini turudi Juni 1977, umati ulipokuja. Kabla ya hapo habari ilikuwa ni wanawake waliovaa sari wanaodai chama kitambuliwe. Juni 23, askari mmoja akapigwa chupa kichwani, picha yake ikiwa chini anavuja damu ikajaza magazeti, na kuanzia siku ile Uingereza nzima ikawa inajadili fujo. Ward alishukuru. Umati ule wengi wao hawakuwa wahuni, polisi nao walikuwa wakatili, na waliokamatwa jumla walipita 500. Hata hivyo basi la wavunja mgomo liliendelea kuingia kila asubuhi. Umati haukulizuia.

Kilichokaribia kumzuia Ward ni kitu kingine kabisa. Biashara ile ilikuwa ya posta. Wateja wanatuma filamu kwa barua, wanarudishiwa picha kwa barua. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood wakakataa kugusa mifuko ya Grunwick. Hapo ndipo kiwanda kilipoanza kutafuta hewa. Hawa hawakuwa wanamapinduzi. Walikuwa watu wa tawi la posta waliomwona jirani anaonewa, wakatumia walichonacho mkononi. Na nani aliwarudisha kazini? Viongozi wao wa kitaifa, kwa kuogopa mahakama. Mgomo ukafa Julai 1978 bila mtu kurudishwa.

Kwa hiyo ukinibana ni nani aliyeiua Grunwick, nitajibu wapole walioogopa sheria. Wauza magazeti hawakuiua, ila hawakuwa na dawa yake pia. Waliona vita ya matabaka getini, kumbe vita ilikuwa kwenye chumba cha kuchambulia barua.

---

Binti wa Ngamiani

Jibu la kiungwana, kaka. Lakini bado nitakwambia: Desai alipotafuta nani anamsikiliza baada ya TUC kumgeuzia mgongo, milango iliyofunguka ni ya hao unaowakwepa. Mtu hasahau aliyemfungulia.

---

Mlinda Tawi (mleta mada)

Kweli. Na kwa upande mwingine mwanamke asisahau milango iliyomfungia. Mwaka 2013 SWP ilimeguka kwa sababu tuhuma za ubakaji dhidi ya mmoja wa viongozi wake zilisikilizwa na kamati ya ndani ya wenzake. Mwajiri akijaribu hivyo tungemburuza mahakamani wiki hiyohiyo.

---

Zamu ya Usiku

Nimetoka kazini, nimesoma yote. Swali moja, wala sina upande. Mwaka 1979 vyama vyenu vilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 13. Leo ni milioni sita na ushee. Tangu miaka ile ya Kinnock wenye kushika vyama na Labour ni nyinyi wanamageuzi. Wanamapinduzi hawajashika kitu. Hiyo nusu iliyopotea ameipoteza nani?

---

Mlinda Tawi (mleta mada)

Migodi, viwanda vya chuma na viwanda vya magari vilivyofungwa ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa, na hapo hakuna aliyepigiwa kura. Sehemu ya pili ni sheria za Thatcher, moja baada ya nyingine kuanzia 1980, mpaka ile ya 1990 iliyofuta kinga yote ya mgomo wa kuunga mkono wengine. Blair alikaa miaka kumi, akatupa kima cha chini cha mshahara, Aprili 1999, pauni 3.60 kwa saa. Nilikitetea na bado nakitetea, kiliwainua wafagizi na wapishi ambao hakuna mapinduzi yaliyowahi kuwafikia. Lakini sheria za Thatcher aliziacha karibu zote zilivyo, na wengi wa viongozi wetu walinyamaza ili wasimwudhi. Swali lako lina jibu la tatu, na jibu hilo ni sisi.

Tazama: walichofanya watu wa posta wa Cricklewood, chama kikikiitisha leo kinafilisiwa mahakamani, kama Taff Vale ya 1901. Labour ya Starmer ilikuja 2024 na muswada mkubwa wa haki za kazi, ukapita kuwa sheria 2025, una mambo mazuri, lakini hilo la kurudisha kinga halimo. Makundi ya mapinduzi yanaliandika kwenye magazeti yao kila wiki pamoja na madai mengine ishirini, likapotelea humo. Sisi hatulitaji kabisa.

Nimeandika pendekezo kwa ajili ya kikao cha tawi mwezi ujao, liende hadi mkutano mkuu: kinga irudishwe pale ambapo mwajiri amekataa kutii mapendekezo ya uchunguzi rasmi, kama Ward alivyomkataa Scarman. Ni finyu makusudi, ili yule msimamizi wa mabasi naye alielewe. Lina mistari minne. Mzee Kuli na Binti wa Ngamiani, nimewatumia inbox, likosoeni kabla ya Ijumaa.

---

Kuli Mstaafu

Nimelisoma. Mstari wa tatu umeweka "inapowezekana". Futa hilo.